Nataka kushuka korongo la Lochsa kwa baiskeli, mama hataki hata kusikia

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 28, naishi Boise, jimbo la Idaho hapa Marekani, pamoja na mke wangu, mtoto wetu na mama yangu mzazi. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, nikakulia kambini Nyarugusu, Kasulu, na huko ndiko nilikojulia baiskeli. Siku za mgao nilikuwa nawabebea watu magunia ya unga na maharage kwenye keria kutoka kituoni hadi majumbani kwao, kwa hiyo mzigo na kilima si vitu vigeni kwangu. Sasa nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na kila nikipata nafasi napanda baiskeli kwa sababu ndiyo inayonituliza.

Binamu yangu anaishi Missoula, Montana. Alinitumia video ya barabara namba 12, pale inaposhuka na mto Lochsa katikati ya msitu, na tangu siku hiyo sijatulia. Nimepanga hivi: mwezi wa nane nachukua likizo ya wiki moja, rafiki ananipeleka Missoula kwa gari, kisha mimi na binamu tunarudi Boise kwa baiskeli. Tunavuka kilele cha Lolo Pass, tunafuata Lochsa mpaka Kooskia, tunapita Grangeville, White Bird, Riggins, McCall, halafu barabara namba 55 mpaka nyumbani. Simu inaniambia ni kama kilometa 600. Nimegawa kwa siku tano, napata 120 kwa siku. Bila mzigo huwa naendesha 100 na siku ya pili naenda kazini kama kawaida.

Tatizo ni nyumbani. Mama aliponisikia alinyamaza kwanza, halafu akasema: "Sisi tulipita msituni kwa sababu hatukuwa na pa kwenda. Wewe unafuata nini huko?" Tangu hapo haongei nami vizuri. Mke wangu hakatai, ila ananiuliza tutawasiliana vipi kama hakuna mtandao, nami sina jibu. Ameshasema atanifungia unga na dagaa. Kazini wananitisha kuhusu dubu na malori ya magogo. Na huyu binamu ana miaka 19, ana nguvu, lakini hajawahi kwenda mbali kwa baiskeli hata mara moja.

Baiskeli yangu ni ya mlima, ya mitumba, tairi nene, gia zinafanya kazi. Mjomba, niende au niache? Na kama ni kwenda, nipange vipi?

Mpenda Baiskeli, Boise

JIBU

Marahaba, mpwa wangu. Nenda. Ila usiende mwezi wa nane, usiende kwa siku tano, na usiendeshe baiskeli mpaka Boise.

Naanza na hesabu yako, maana humo ndimo hatari ilimojificha. Kugawa 600 kwa tano kunakupa namba nzuri ya kuandika kwenye karatasi, lakini njia hiyo haikupi maji, chakula na mahali pa kulala kila baada ya kilometa 120. Kuna siku miji mitatu inafuatana, na kuna kipande ambacho hakina kitu kabisa. Kutoka Powell hadi Lowell ni kama kilometa 105, na katikati hukuti duka, hukuti kituo cha mafuta, na simu yako haishiki. Ni msitu, mto na lami. Anayepanga safari ya makorongo hutafuta kwanza mapengo kama hayo, akaamua atayavuka saa ngapi, akiwa na nini, na mwili wake ukiwa katika hali gani. Siku nyingine zote hupangwa kuzunguka hapo.

Sasa mwezi. Agosti kwenye mto Salmon, kuanzia White Bird hadi Riggins, joto kupita nyuzi 38 ni jambo la kawaida. Korongo lile liko chini sana, Riggins haifiki hata mita 600 kutoka usawa wa bahari, na kuta za mawe hukurudishia jua usoni. Huo huo mwezi wa nane ndio wa moto wa misitu: moshi unajaa kwenye mabonde, na kuna miaka barabara namba 12 imefungwa kwa ajili hiyo. Ukiwa njiani na barabara ikafungwa mbele yako, huna njia ya kuchepukia. Mwombe bosi wako wiki ya mwisho ya mwezi wa sita. Theluji kwenye kilele itakuwa imeondoka barabarani, siku ni ndefu, unaona vizuri mpaka karibu saa tatu usiku, na msitu una kijani chake chote. Akikataa, omba katikati ya mwezi wa tisa, ukijua kwamba usiku wa Powell utakuwa wa baridi kali na kwamba msimu wa uwindaji utakuwa umeanza, kwa hiyo uvae nguo za rangi inayowaka. Kwa vyovyote, kabla ya kuondoka piga 511, huduma ya hali ya barabara ya Idaho, usikie kama kuna moto au maporomoko.

Likizo ya wiki moja, ukihesabu Jumamosi na Jumapili za pande zote mbili, ni siku tisa. Umejinyima bure ulipoandika tano.

Jumamosi ya kwanza mwambie rafiki yako akupeleke Missoula kwa njia ile ile utakayorudi nayo: 55, 95, 13, halafu 12. Kaa kiti cha mbele, kalamu mkononi. Angalia mahali ukingo wa lami unapokwisha, mahali lori linapokata kona likimeza njia yote, kambi iko upande gani wa barabara. Hapo utapata somo kuliko video zote. Na ukifika kwenye barabara namba 55, kati ya Horseshoe Bend na Smiths Ferry, angalia vizuri zaidi, nitakuambia kwa nini.

Jumapili mtoke Missoula mapema. Mpaka Lolo, kilometa 19 hivi, kuna njia ya baiskeli yenye lami pembeni ya barabara kuu, itawapa muda wa kuzoea mzigo bila kusukumwa na magari. Kutoka Lolo mnapanda taratibu na kijito mpaka Lolo Hot Springs. Laleni hapo. Najua utataka kuunganisha mpaka Powell, kwa kuwa jumla ni kilometa 90 tu, lakini kilele kina mita 1,595, na mita kama 330 za mwisho mnazipanda ndani ya kilometa 11 tu baada ya Lolo Hot Springs. Siku ya kwanza, na binamu asiyezoea, na mzigo mzima wa chakula, kipande hicho kiache kikusubiri asubuhi.

Jumatatu ndiyo siku yenyewe. Mtafika kileleni miguu ikiwa mipya, mtajaza maji kwenye kituo cha wageni, mtavaa makoti kwa sababu mteremko wa upande wa Idaho una baridi na kona. Kilometa 20 baadaye mko Powell, ambako Lochsa Lodge ina duka dogo na mgahawa. Kuleni pale hata kama hamna njaa. Baada ya hapo mnaingia kwenye pengo.

Barabara ile ilikamilika mwaka 1962, na tangu 1968 Lochsa ni miongoni mwa mito ya kwanza kabisa kulindwa na sheria ya Marekani ya mito isiyozibwa, ndiyo maana hutaona bwawa wala mji. Karibu na Powell utapita kwenye mierezi mikubwa yenye mashina ambayo wewe na binamu mkishikana mikono hamtayazunguka. Mto uko kushoto kwako karibu muda wote, maji ya theluji, meupe kwenye mawe. Mwezi wa sita yanakwenda kwa nguvu ya kutisha. Mtu asikudanganye uingie kuogelea. Baridi yake inakata pumzi kabla mkondo haujakubeba. Maji ya kunywa chukueni kwenye vijito vidogo vinavyoshuka kulia kwa barabara, na myachuje kwa kichujio, kwani hata yakionekana kama kioo yana vijidudu vya kuharisha.

Kuna vibao vidogo vya maili pembeni ya barabara. Vijue, mpwa wangu, vitakufaa kuliko ramani. Kileleni ni 174, na namba inapungua kadiri mnavyoshuka: Powell iko karibu na 162, kambi ya Wilderness Gateway karibu na 122, Lowell karibu na 97, Kooskia karibu na 74. Mtu akianguka, au cheni ikikatika, jambo la kwanza ni kusoma kibao. "Tuko maili ya 139, upande wa mto" ni maneno yanayomleta mwokoaji mlangoni kwako. "Tuko msituni" hayamleti mtu.

Laleni Wilderness Gateway, kambi ya Idara ya Misitu ya Marekani. Kutoka Lolo Hot Springs ni kilometa kama 95, na sehemu kubwa ni kuteremka kwa upole. Piga simu ofisi yao kabla ya safari uulize kama kambi imefunguliwa na kama bomba zina maji. Mchana upepo wa makorongo hupanda kutoka bondeni, yaani utawapiga usoni, kwa hiyo kilometa za asubuhi ni rahisi kuliko za alasiri hata kama nyote mnateremka. Tokeni saa kumi na mbili.

Kuhusu malori ya magogo, wenzako kazini hawakudanganyi. Yapo, na ukingo wa lami ni mwembamba, mahali pengine hakuna. Weka kioo upande wa kushoto wa usukani, taa nyekundu nyuma iwake hata mchana, na mwendeshe kwa kufuatana, mkiwa mmeachana vya kutosha ili dereva aweze kumpita mmoja kabla ya mwingine. Ukiona kwenye kioo lori linakuja na mbele kuna jingine kwenye kona, shuka barabarani usimame. Usishindanie njia na lori la magogo.

Jumanne mtafika Lowell, ambako Lochsa na Selway zinakutana na kuwa mkono wa kati wa mto Clearwater, halafu Kooskia, jumla kilometa 77 hivi. Hapo mnapumua: kuna duka la vyakula na simu inarudi. Jumatano ni kilometa 42 tu hadi Grangeville kwa barabara namba 13, lakini baada ya Harpster inapanda kutoka mtoni mpaka uwanda wa juu, na mapaja yatakuwa yanadai. Pumzikeni mchana, fueni nguo, kagueni breki.

Breki nasema kwa sababu ya Alhamisi. Kutoka Grangeville mnapanda White Bird Hill, mita 1,294, kisha mnashuka mita kama 800 mpaka White Bird. Barabara kuu 95 inashuka moja kwa moja, na lori linashuka nayo. Pembeni yake ipo barabara ya zamani, yenye kona baada ya kona, ambayo magari mengi yameiacha tangu barabara mpya ilipofunguliwa mwaka 1975. Shukeni kwa hiyo ya zamani. Wasafiri wa baiskeli wanaovuka Marekani kutoka bahari hadi bahari hupita pale pale. Kamata breki, achia, kamata tena. Usiishikilie mfululizo mpaka rimu ichemke. White Bird jazeni maji yote mliyonayo, kisha mfuate mto Salmon mpaka Riggins, kama kilometa 47 za joto. Ukitoka Grangeville alfajiri utakuwa Riggins kabla jua halijawa kali.

Ijumaa mnapanda na Little Salmon mpaka New Meadows, kilometa 56 na mita kama 600 za kupanda. Bonde limebana na barabara ina magari, na Ijumaa mchana watu wa Boise wanamiminika kaskazini na maboti yao nyuma ya gari. Mmalize kabla ya saa sita mchana.

Na hapo New Meadows, mpwa wangu, achana na namba 55. Kuanzia Smiths Ferry kwenda Horseshoe Bend barabara imebanwa kati ya mwamba na mto Payette, kona ni za kipofu, na mwisho wa juma imejaa matrela ya watu wanaorudi mjini wamechoka. Msafiri mwenye mizigo pembeni hana mahali pa kujiegemeza. Wewe ni mwendeshaji mzuri, lakini pale uzuri wako hauhesabiwi; anayeamua ni dereva anayeangalia simu. Sitakubariki upite hapo ili tu uweze kusema ulifika mpaka mlangoni.

Badala yake mwende magharibi kilometa chache mkachukue Weiser River Trail. Ni tuta la reli ya zamani lililogeuzwa njia ya miguu, farasi na baiskeli, kilometa 135 mpaka mji wa Weiser, bila gari hata moja. Kipande cha juu, kutoka karibu na New Meadows hadi Council, ni kama kilometa 38, msitu wa misonobari na maji ya mto pembeni, kinateremka kidogo kidogo kama reli inavyotaka. Ni changarawe na udongo, na hiyo baiskeli yako ya tairi nene itafurahi kuliko baiskeli za bei kubwa zenye tairi nyembamba. Ukikuta geti la mifugo, fungua, pita, funga. Jumamosi mfike Council, mkeo awachukue kwa gari, ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kutoka Boise. Jumapili ulale. Jumatatu kazini. Na kama kuna siku itaharibika kwa mvua au homa, Jumamosi hiyo ndiyo akiba yako: mtamalizia New Meadows na hamtakuwa mmepungukiwa na kitu.

Kitu kimoja cha njia ile unakijua tangu Kasulu: mbigili. Ni mmea ule ule, na miba ile ile yenye pembe inayoingia kwenye tairi na kubaki imekunja uso. Boise pia imejaa, bila shaka imeshakutoboa. Mtie maji ya kuziba pancha ndani ya tyubu, mbebe tyubu mbili za akiba kila mmoja, viraka na solusheni, na kabla hujabadilisha tyubu pitisha kidole taratibu ndani ya tairi uutafute mwiba. Ukiacha kipande chake, tyubu mpya haimalizi hata kilometa moja.

Sasa mama.

Usimwambie "usijali". Anachokijua yeye kuhusu msitu wewe hukijui. Kama ulipita, ulipita ukiwa mgongoni mwake. Swali alilokuuliza, unafuata nini huko, ni swali la haki na linastahili jibu la mtu mzima. Kaa naye siku ambayo huna zamu, umwache asimulie kwanza, hata kama umeshasikia. Halafu mweleze ukweli ulioniandikia mimi: kazi ya usiku inakuchosha roho na baiskeli inakutuliza. Sidhani umewahi kumwambia hilo. Wazazi wetu huambiwa mshahara na bili, hayo mengine tunawaficha tukidhani tunawahurumia.

Tena kuna habari ya njia hii ambayo yeye ataielewa upesi kuliko watalii wengi. Mwezi wa saba mwaka 1877, mamia ya watu wa kabila la Nez Perce, wenyewe hujiita Nimiipuu, walivuka milima hiyo hiyo kwa njia ya Lolo, inayopita kwenye migongo juu ya korongo la Lochsa. Walikuwa na watoto, wazee na farasi zao, wakilikimbia jeshi la Marekani lililotaka kuwafungia kwenye eneo dogo kuliko ardhi yao. Tarehe 17 Juni mwaka huo walikuwa wamelishinda jeshi hilo White Bird, kwenye bonde utakaloliteremka Alhamisi. Wazao wao wapo mpaka leo, na Kooskia utakayolala Jumanne imo ndani ya eneo la Nez Perce. Msimulie mama. Atakuuliza maswali ambayo mimi siwezi kuyajibu, na mtakuwa mmeanza kuongea.

Baada ya hapo ndipo mkeo apate jibu lake. Andika karatasi, ibandikwe kwenye friji: kila siku mnalala wapi, namba ya maili, namba ya simu ya kambi au hoteli, na saa utakayotuma ujumbe. Nunua au azima kifaa kidogo cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Baadhi ya simu za miaka ya karibuni zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, jaribu yako kabla hujaitegemea. Ndani ya korongo, chini ya miti, ujumbe unaweza kuchelewa mpaka utoke mahali pa wazi, kwa hiyo wakubaliane kabisa: ikipita jioni bila ujumbe, wanasubiri mpaka saa fulani ya asubuhi, na baada ya hapo wanampigia sherifu. Njia yenu yote kuanzia kilele cha Lolo Pass mpaka Riggins imo ndani ya wilaya moja, Idaho County, na ofisi ya sherifu wake iko Grangeville. Namba hiyo iandikwe kwa kalamu nene.

Na saa zote ziandikwe za Boise. Mkivuka Lolo Pass kuingia Idaho, saa inarudi nyuma kwa saa moja, na itasogea mbele tena kwenye daraja lililo kaskazini kidogo ya Riggins. Ukimwahidi mama ujumbe saa moja jioni halafu ukafuata saa ya Kooskia, atakaa saa nzima ameshika simu mkononi, na hiyo saa moja itafuta maelewano yote mliyoyajenga.

Dubu nisiwapambe. Weusi wapo wengi, na karibu siku zote wanakimbia binadamu. Wanachofuata ni harufu. Hapo ndipo dagaa wa mkeo wanapoingia. Dagaa wa Kigoma ni chakula kizuri mno kwa msafiri, wepesi na wana nguvu, na sitakuambia uwaache. Wakaange kabisa nyumbani, uwafunge kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, na usiku vyakula vyote, na dawa ya meno, na sufuria ya ugali, vikae ndani ya sanduku la chuma la kambi kama lipo, au vining'inizwe juu ya mti mbali na hema. Hata shati ulilopikia lisiingie hemani. Beba kopo la dawa ya kumpulizia dubu, na liwe kwenye usukani unapolifikia. Kopo lililo chini ya begi halisaidii mtu.

Baiskeli yako inafaa. Ipeleke kwa fundi akunyooshee gurudumu la nyuma, maana uzito wa keria hukata spoku za nyuma kwanza, na umwombe spoku tatu za kipimo hicho hicho. Gia ndogo kabisa ya mbele iwe inaingia bila kulazimishwa. Pedi mpya za breki, na jozi nyingine mfukoni. Mzigo ukae chini pembeni, usiurundike juu ya keria kama yale magunia ya mgao. Kwenye mteremko wa White Bird mzigo wa juu unayumbisha usukani.

Amebaki binamu. Miaka 19 na nguvu haitoshi, na kumkatalia kwa simu pia haifai. Mpe jaribio. Mwisho wa mwezi wa tano apakie mzigo kamili, Jumamosi atoke Missoula mpaka Hamilton, kuna njia ya baiskeli mwendo wote, alale kwenye hema, Jumapili arudi. Mwambie akupigie Jumatatu. Usimuulize kama alifika. Muulize makalio yanaumaje, alikula nini, na kama alipata pancha aliiziba nani. Akijibu vizuri, nendeni wawili. Akisita, aje nawe mpaka Powell tu, na mtu wa kwao amfuate pale kwa gari Jumatatu mchana. Na ikiwa hivyo, wewe usishuke Lochsa peke yako. Rudi naye Missoula, msubiri mwaka ujao.